Maswali ya wasomaji: kichujio cha shaba au cha kapasita na koili?

Napokea satelaiti za hali ya hewa kwenye 137 MHz, lakini stesheni za FM zinanizibia. Nichore kichujio cha mikrostripi, yaani laini za shaba juu ya bodi?

Hapana. Laini hizo hukatwa kwa robo au nusu ya wimbi, na robo hapo, kwenye FR4 (bodi ya kawaida ya fiberiglasi), ni karibu sentimita 30. Hiyo ni sinia. Lehemu kapasita na koili.

Kichujio changu cha 5.8 GHz cha kapasita na koili kilifanya vizuri kwenye kompyuta, mezani hakipitishi kitu. Nimeuziwa feki?

Swali hili halikosi mwezi. Kapasita ni nzima, hesabu ndiyo feki. Kapasita ya 10 pF, saizi 0603, ina uindakta wake (tabia ya koili) wa karibu 0.6 nH. Viwili hivyo vinaitikiana kwenye 2 GHz hivi. Ukipanda juu ya hapo umelehemu koili. Bado tundu la kushukia ethi: likiwa na 1 nH tu, kwa 5.8 GHz ni ohmu 36, badala ya sifuri. Hapo chora shaba.

Kwa 2.4 GHz, ipi bora?

Bora kwa upana gani wa masafa yanayopita? Kwa bodi ipi? Mnaniandikia masafa tu, kama mtu anayemwambia fundi cherehani "nishonee suruali" bila kupimwa kiuno.

Tuseme upana ni 100 MHz, hatua tatu. Mikrostripi itaenea, nusu wimbi ni milimita 34 hivi. Lakini FR4 inakupa Q (ikiwa kubwa, upotevu ni mdogo) ya 50, ukibahatika, na kwa Q hiyo unapoteza zaidi ya desibeli 8: unaingiza wati 7, inatoka 1. Koili nyingi za chipu nazo hazina nafuu kubwa. Isitoshe, namba ya dielektriki ya FR4, inayoamua urefu wa wimbi ndani ya bodi, ikihama kutoka 4.2 hadi 4.7, kichujio kinahama zaidi ya 100 MHz, yaani kinatoka kwenye chaneli yake chote. RO4350B, bodi ya masafa ya juu, ni ghali, ndiyo, ila upotevu wa dielektriki yake ni karibu moja ya tano ya ule wa FR4. Na kama ni kifaa kimoja tu cha Wi-Fi, nunua kichujio cha seramiki kilicho tayari.

Mikrostripi itazuia harmoniki ya pili (masafa mara mbili) ya transmita yangu?

Zile laini sambamba za nusu wimbi? Mara nyingi zinaifungulia mlango palepale. Pima hadi mara tatu ya masafa yako.

Nifunike na bati?

Funika, ila pima mfuniko ukiwa umefungwa. Mimi niliwahi kukata shaba kwa wembe siku nzima hadi mchoro wa vipimo ukakaa sawa, nikafunga mfuniko milimita 4 juu yake, ukaharibika wote.