Kabla hujapiga window, soma hii kwanza

Juzi usiku mdogo wangu mmoja wa humu kanitumia meseji: "Kaka shikamoo, programu ya muziki inajifunga yenyewe kila nikichomeka kinanda, fundi kasema nipige window, nipige?" Nikamjibu kwa herufi kubwa USIPIGE (kupiga window ni kufuta Windows yote na kuiweka upya), halafu usingizi ukakata kabisa, maana huyo ndo mimi wa miaka mitatu nyuma, ila mimi wa kumuuliza nilikuwa naye, nikajiona najua.

Nilikuwa na kastudio kangu chumba cha uani huku Mbagala, magodoro ukutani, feni tunazima tukianza kurekodi, jasho usipime. Nikapata kazi ya kwaya, nyimbo 8, advansi nishaila. Mwalimu wao anapiga kinanda balaa, mkono wa kushoto unatembea kama una akili zake peke yake, nikasema huyu simrekodi sauti tu, nachukua na MIDI, yaani kumbukumbu ya vitufe anavyobonyeza, ili baadae nikitaka piano iwe ogani naigeuza kwa mausi. Kinanda chenyewe cha zamani, kina lile tundu la duara la pini 5, mtindo wa tangu 1983 huko, so nikaenda Kariakoo nikanunua ule waya mwembamba wa kugeuza kwenda USB, wenye kiboksi katikati na vitaa.

Siku mbili freshi. Ya tatu, wimbo wa tano, mwalimu kafika kiitikio, noti moja ikang'ang'ania inalia tu piiiii kama lori limekwama honi, skrini ikaganda, mara programu ikapotea, unabaki unatazamana na picha ya dekstopu. Nikawasha, kinanda hakionekani. Nikachomeka tundu lingine la USB, kikaonekana dakika kumi, kikafa tena. Wamama wa soprano wanaangalia saa, kosta yao ya kukodi inawasubiri nje. Mwalimu akasema kwa upole, "Mwanangu, tutarudi Jumamosi."

Kabla ya Jumamosi nikampelekea fundi, fundi akapiga window. Nyimbo 4 zilikuwa dekstopu.

Na unajua kilichouma zaidi? Nimerudisha kila kitu, nimeweka plagini zangu zote (vile viprogramu vya ala na vionjo vinavyoingia ndani ya programu ya kurekodia), tatizo liko pale pale. Ndo nikaanza kujifundisha mwenyewe, usiku kwa usiku, na leo mtu akinielezea tu kwa simu nusu nishajua kinachomsumbua, sijisifu ila ndo ukweli.

Kwanza elewa MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 0 na 127, noti imeachiwa. Sasa mawasiliano yakikatika kabla lile la "imeachiwa" halijafika, noti italia mpaka Yesu arudi. So ile piiiii haikuwa programu kuharibika, ni kwamba kompyuta ilikuwa imepoteza waya. Na ilikuwa inaupoteza kwa sababu laptop inazima matundu ya USB ili kuokoa chaji! Nenda Device Manager, fungua kila USB Root Hub, kwenye Power Management toa tiki ya kuruhusu kompyuta izime hicho kifaa. Sekunde thelathini tu, na mimi ilinila kwaya nzima.

Halafu programu kupotea ni ishu nyingine, na hapa ndo watu tunachanganya, tunadhani ni ugonjwa mmoja. Andika Event Viewer kwenye kutafuta, ingia Windows Logs, Application, tafuta alama nyekundu ya muda ule ule ilipojifunga, soma palipoandikwa Faulting module name. Yangu haikutaja programu wala draiva ya MIDI (kile kiprogramu kinachoiunganisha Windows na kifaa), ilitaja plagini moja ya vayolini, ya biti 32, niliyopewa kwenye flashi na mshkaji, iliyovunjwa leseni na sijui nani. Nikaitoa, kimya mpaka leo. Vijana tunapenda vya bure jamani, halafu tunalia studio zina majini. Hazina majini, zina flashi za washkaji.

Kingine, draiva nyingi za Windows tulizozoea zinaruhusu programu moja tu kushika kinanda kwa wakati mmoja. Ukiacha programu ya mazoezi ya piano iko wazi huko nyuma, ya kurekodia itakuambia kifaa hakipo au kinatumika. Na kwenye ule waya, upande wa IN unaingia kwenye OUT ya kinanda, nimeshaona mtu mzima kabisa amemaliza wiki na hilo, na simtaji ila akisoma atajijua.

Nyimbo sevu sehemu mbili, tena ukirekodi MIDI rekodi na sauti yenyewe kwa pembeni. Nimesema sevu sehemu mbili. Dekstopu sio sehemu.

Kwaya albamu yao ilitoka, walirekodi kwingine. Naisikiaga kwenye daladala. Piano ya wimbo wa tano wameibana imekuwa kama kengele ya shule, mimi nisingeiacha vile, lakini mwalimu anasikika vizuri na tukikutana bado ananiita mwanangu, nami naangalia chini.

Sasa huyu mdogo wangu, Event Viewer yake haikuwa na plagini yoyote, ilitaja draiva. Nikamwambia kwenye Device Manager abonyeze View, aweke Show hidden devices. Asubuhi katuma picha: kinanda kimoja, vivuli kumi na moja. Kila alipobadilisha tundu la USB Windows ikamsajilia kinanda kipya, cha 2, cha 3, cha 4, na ya zamani haikufuta, programu inatafuta kile cha jana. Kavifuta vyote, kaweka draiva upya kutoka kwa waliotengeneza kinanda, kachomeka tundu moja, na hilo tundu kalipaka rangi ya kucha ya dada ake asije akakosea.

Dada mtu kanuna mpaka sa hivi.