Draya Usiuze: Jibu kwa Dada wa Mtwapa na Wengine Mlioniuliza Tulivukaje Korona

Tangu Rais Uhuru Kenyatta atangaze kule Kirinyaga, sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 20, 2021, kwamba kafyu ya korona imekwisha, simu yangu haipumui. Watu wananitumia picha wakiwa barabarani saa tano za usiku, wanacheka tu. Lakini ujumbe ulioniganda kichwani ni wa dada mmoja wa Mtwapa. Yeye ana saluni, mumewe alikuwa akitembeza watalii kwa mashua. Anasema kafyu imeondoka ila madeni yake hayana habari. Ana mikopo mitatu aliyochukua kwa simu, kodi ya kibanda cha saluni haijalipwa miezi miwili, na sasa mumewe anataka wauze draya ya saluni, ile mashine ya kukaushia nywele, wapunguze deni. Akamalizia hivi: "Nyinyi mlifanyaje, na nyinyi pia hamna mshahara?"

Dada, jibu fupi: draya usiuze. Jibu refu ndilo hili.

Mimi nauza mitumba soko la Kongowea, Mombasa, nguo za watoto. Bwanangu ana tuktuk, na steji yake ni stesheni ya treni ya SGR pale Miritini, kazi yake kungoja abiria wa treni. Tuktuk yenyewe ni ya mkopo wa benki. Sasa piga hesabu. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo hiyo watu wakarushiwa vitoa machozi kwenye feri ya Likoni wakikimbilia makwao. Aprili ilipoingia, serikali ilikuwa imeshapiga marufuku kuingiza mitumba kutoka nje. Tarehe 8 Mombasa ikafungwa, na Kilifi na Kwale vilevile. Wewe wa Mtwapa unakumbuka daraja lenu, kati ya Kilifi na Mombasa, lilivyogeuka mpaka. Treni ya abiria nayo ikasimama, ikarudi Julai. Yaani nyumba yetu ina milango miwili ya kuingizia riziki, na yote ikafungwa ndani ya wiki mbili.

Misaada ilikuwepo, sisemi haikuwepo. Kodi ya mshahara ilisamehewa kwa wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, VAT, kodi ya bidhaa, ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Vizuri sana. Mshahara wa nani sasa? Muuza mitumba na dereva wa tuktuk mnawasamehe nini? Kitu kimoja tu ndicho nilichokishika mkononi: ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa iliondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, hadi mwisho wa mwaka huo. Hicho nitakirudia.

Chumbani kwetu kulikuwa na marobota matatu ambayo hayajakatwa kamba. Robota ni furushi la mitumba la kilo 45, na nilikuwa nimeyapanga ukutani, watoto wakiyakalia kama kochi wakitazama katuni. Marufuku ilipokolea, bei za marobota zikapanda, maana hakuna jipya linaloingia. Akaja dalali mmoja, anayataka yote kama yalivyo, pesa taslimu. Aliyotaja ilikuwa juu ya bei niliyonunulia. Bwanangu alishasimama kumsaidia kubeba! Hapo ingetoka kodi ya nyumba miezi mitatu na unga juu.

Nilikataa. Tuligombana, tukanuniana mpaka tukawa tunazungumza kupitia watoto: mwambie baba chai iko mezani. Yeye aliona kodi. Mimi niliona siku soko litakapochangamka tena na mimi sina hata soksi ya kutandika, huku robota limepanda bei nisiliweze. Kodi nitadaiwa leo na nitadaiwa mwezi ujao. Mtaji ukishaliwa hakuna anayekudai, na ndiyo maana watu huula kwa amani. Maumivu yake huja baadaye, wenzako wanapofungua biashara na wewe unawapisha njia.

Nikakata robota moja. Kawaida nikichambua, kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, naweka kando kwa wateja wangu wa Mji wa Kale, wale wa gauni la kitambaa kizuri lisilo na doa, na fagia, yaani zile za mwisho, naimwaga chini mwisho wa siku mtu ajiokotee. Ramadhani ilikuwa imeanza, msimu ambao mimi hula nao mwaka mzima. Mei 6 Mji wa Kale ukafungwa, hakuingii mtu wala hakutoki mtu, na Idd ikapita humo ndani. Misikiti imefungwa, swala ni sebuleni, gauni la nini? Kamera yangu ikalala kwenye mfuko. Kilichotoka kilikuwa fagia. Watoto wako nyumbani tangu Machi, wanapanda kuta, wanachana kaptula kila uchao. Mama wa Kisauni hataki gauni, anataka kaptula tatu za bei ya chini zinazovumilia. Natandika shuka nyeupe kitandani karibu na dirisha, nguo moja moja, napiga picha, naweka stetasi ya WhatsApp pamoja na umri wa mtoto na bei. Wateja walilipa mia mbili, mia tatu, kwa M-Pesa, bila kukatwa hata shilingi. Ada ingekuwepo, biashara ile isingekuwepo. Na tuktuk isiyo na abiria wa treni ikawa ya kupeleka nguo Bamburi, Changamwe, Mikindani, bwanangu amevaa barakoa na bado amenuna.

Pesa ikiingia, kabla ya unga, bei niliyonunulia ile nguo inarudi kwenye kopo la maziwa ya mtoto lililokuwa juu ya kabati. Faida ndiyo inaenda dukani. Faida ikiwa shilingi 60, tunakula ya 60, na mafuta tunapimiwa. Kuna jioni tulikula muhogo wa kuchemsha na chumvi, na kopo liko juu limejaa, na kila mmoja analiona. Muhogo wenyewe alituletea mamangu kutoka Msambweni. Watu walizuiwa kuvuka kaunti lakini mizigo ya chakula ilipita, basi gunia lilisafiri kwa lori la nazi na mamangu akabaki kwake. Hilo kopo ndilo ushauri wangu wote, dada. Mengine ni maelezo.

Benki nayo tuliifuata sisi. Benki Kuu ilikuwa imesema Machi 18 kwamba mkopaji ambaye mkopo wake ulikuwa sawa kufikia Machi 2 anaweza kuongezewa muda, hadi mwaka mmoja, akizungumza na benki yake. Wengi hawakusikia, au walisikia wakaona aibu. Bwanangu alitaka azime simu. Nikamwambia simu ukizima wewe, riba haijazima. Tulikwenda kabla ya tarehe ya malipo, tukiwa na daftari la mapato ya miezi iliyopita, hata kama lina madoa ya chai, na tukasogezewa malipo. Mwenye nyumba pia nilimwendea mapema, nikiwa na nusu ya kodi mkononi. Alinung'unika, akaipokea. Mtu anayedai humsikiliza anayekuja mwenyewe kuliko anayetafutwa. Nenda mapema, nenda na chochote, nenda na daftari.

Sasa nieleze linaloniuma, maana mnaosoma hapa mnanijua sifichi. Wakati ule jamaa mmoja wa upande wa mume aliandika kwenye grupu la familia, mbele ya wakwe zangu, kwamba nimekalia marobota huku wenzangu wanalala njaa. Mchoyo, ndivyo alivyoniita. Mama mkwe nilikuwa nikimtumia mia tatu kila Ijumaa, na hakuna aliyesema neno. Agosti marufuku ilipoondolewa, mimi nilikuwa na kopo na robota moja. Yule jamaa biashara yake ya viatu ilikuwa imeisha yote, nyingine imeliwa na nyingine imekwenda kwa michango ya watu wale wale waliokuwa wakimsifu. Sikumcheka. Ila ujumbe ule ninao mpaka leo, sijaufuta.

Na hapa nisikilizeni, kina dada hasa. Sisi tusio na mwajiri tumelelewa kuona aibu kusema "hiyo pesa ina kazi yake". Mfanyakazi wa ofisi haombwi auze kiti cha ofisi amchangie shemeji. Sisi tunaombwa robota, tunaombwa cherehani, tunaombwa draya, na tunatoa, kisha tunaitwa wavivu tukianguka. Saidia kwa faida, hata iwe shilingi hamsini. Mtaji usiuguse. Atakayekasirika akasirike.

Nirudi kwako wa Mtwapa. Draya inakuingizia pesa kila Ijumaa na Jumamosi. Ukiiuza, utalipa mkopo mmoja na utabaki na miwili bila cha kuilipia. Acha kukopa kwa huyu kumlipa yule, hata siku moja tena. Chagua mkopo unaokutoza zaidi, uelekeze nguvu huko, na mwenye kibanda mfuate wiki hii na pesa ya wiki moja. Mumeo, watalii wakianza kurudi Desemba, mashua yake iwe na kopo lake mbali na la saluni. Na karo usiiache nyuma: mwaka huu wa 2021 muhula ulioanza Oktoba 11 unaisha kabla ya Krismasi na mwingine unaanza Januari 3, 2022, hakuna pa kupumulia, basi zungumza na mwalimu mkuu sasa ulipe kidogo kidogo.

Jumatatu nafungua robota la watoto wa miaka minne hadi saba. Daraja liko wazi siku hizi, vuka uje mapema kabla wachuuzi hawajafika, nitakuwekea kamera.