Maswali ya Wasomaji: Taa ya Chujio la Ekzosi kwenye Trekta

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua trekta lililotumika kutoka Uingereza, la nguvu-farasi 90. Msimu wa kulima lilifanya kazi vizuri, lakini tangu mavuno yaanze taa ya njano ya chujio la ekzosi inawaka mara kwa mara na injini inapungua nguvu. Kwa sasa linavuta tela la magunia na boza la maji tu. Fundi ananishauri nilikate chujio hilo nilitupe. Nifanyeje? Mkulima, Kibaigwa, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, chanzo umekitaja mwenyewe katika barua yako: taa haikuwaka ulipokuwa ukilima, imeanza kuwaka ulipohamia kwenye tela. Ndani ya chujio hilo mna kauri yenye vijia vyembamba kama sega la nyuki, vilivyozibwa kwa kupishana, hivyo moshi hulazimika kupenya kuta zake na kuyaacha masizi nyuma. Masizi hayo huondoka kwa kuungua, na joto la kuyaunguza hupatikana pale injini inapobeba mzigo. Trekta linalovuta plau kwa saa nzima huyaunguza pole pole, kuanzia takriban nyuzi 250 za Selsiasi, bila dereva kujua. Lakini likiachwa linaunguruma huku vibarua wakipakia magunia, moshi wake mara nyingi haufiki hata nyuzi 200, na masizi huzidi kujaa.

Kwa hiyo zima injini wakati wa kupakia, ila kama limetoka kwenye kazi nzito liache kwanza linaunguruma dakika moja au mbili ili turbo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ipoe. Asubuhi usilipashe joto kwa kuliacha limesimama muda mrefu. Ondoka nalo taratibu, injini itapata joto njiani. Kisha lipangie kazi nzito walau mara moja kwa wiki, kwa mfano kuvuta haro kwa saa moja hivi, injini ikiwa kwenye mizunguko ya kazi. Boza la maji, kwa maoni yangu, lingevutwa na trekta dogo la jirani, hata kwa kukodi.

Masizi yakizidi, kompyuta ya injini huongeza dizeli kidogo ili kulipandisha chujio hadi karibu nyuzi 600. Shughuli hiyo ikianza, usiizime katikati. Dereva anayeikatiza kila mara kwa sababu amefika nyumbani hulifikisha trekta mahali ambapo swichi ya dereva haisaidii tena, na ni kompyuta ya karakana tu inayoweza kuianzisha. Taa ikikutaka usafishe trekta likiwa limesimama, liegeshe kwenye ardhi tupu, mbali na mabua makavu, pumba, magunia na mapipa ya mafuta, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, kisha ubonyeze swichi na kungoja. Kwa kawaida huchukua dakika 20 hadi 40, na injini hujiongezea mizunguko yenyewe. Watoto wasisogee, kwa maana bomba huwa la moto kupita kiasi.

Kuhusu kulikata chujio, sikushauri. Vihisio hupima mgandamizo wa moshi kabla na baada ya chujio, na kompyuta isipopata vipimo inavyovitarajia hupunguza nguvu za injini, kwa hiyo fundi atalazimika kuichezea kompyuta pia, na baada ya hapo atakayeyavuta masizi hayo ni dereva wako. Afadhali fedha hiyo uitumie kwenye mafuta. Ulaya, ambako trekta lako limetoka, dizeli haizidi sehemu 10 za salfa kwa kila milioni, ilhali kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi 50. Tofauti hiyo inatosha kukufanya uache dizeli ya madumu ya barabarani, ambayo huwezi kujua imechanganywa na nini.

SWALI: Trekta langu nalo lina chujio kama hilo. Kijiti kinaonyesha oili imepanda badala ya kushuka, ilhali sijaongeza. Je, ni hatari? Msomaji, Kitale.

JIBU: Ndiyo. Katika baadhi ya injini, dizeli inayoongezwa ili kuunguza masizi hupuliziwa ndani ya silinda, na usafishaji ukikatizwa mara nyingi sehemu yake huteremka hadi kwenye oili na kuifanya iwe nyepesi, isiweze kulinda vyuma. Ikiwa imevuka alama ya juu, usiliwashe trekta. Mwaga oili, badilisha na filta yake, kisha fundi akague na injekta (vipulizia dizeli) zisije zikawa zinavuja. Oili mpya iwe ya majivu machache, kwa kawaida yenye alama ya CK-4 au ile iliyotajwa katika kitabu cha trekta, kwa sababu majivu ya oili, tofauti na masizi, hayaungui kamwe: hubaki ndani ya chujio mpaka lifunguliwe na kusafishwa karakana.