Tenganisha mkataba na ndoa kwanza

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi kwenye mdahalo wenu wa chuo hapo Dar, kuhusu sheria ya Virginia, Marekani, iliyozuia mikataba ya wapenzi wa jinsia moja. Anza na maneno ya sheria yenyewe, ya 2004. Haikuishia kwenye ndoa. Ilikataza hata mkataba wa ubia unaokusudia kuwapa haki za wanandoa. Hapo ndipo wapinzani wake waliposhtuka: je, wosia umo? Nyumba ya majina mawili? Karatasi ya kumruhusu mwenzako akuamulie matibabu ukizimia?

Mimi kwenye mdahalo kama huo nilichanganya mkataba na hadhi ya ndoa, nikabanwa hadi nikakosa la kusema. Mkataba wanaufunga watu wenyewe. Hadhi ya ndoa inatambuliwa na dola. Kisha taja kesi ya Obergefell ya Mahakama ya Juu ya Marekani, 2015, iliyofungua ndoa za jinsia moja majimbo yote.

Ila hoja hiyo usiihamishie kwetu hivi hivi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, inataja mwanamume na mwanamke, na Kanuni ya Adhabu ni kali. Kama kuna mtu halisi nyuma ya swali lako, tafadhali amwone wakili ana kwa ana, asianike mambo yake hapa.