Moshi wa bluu haujaiua injini bado

Swali: Shikamoo fundi. Natunza uwanja mkubwa wa shule kwa mashine ya kukata nyasi ya kukalia, injini ya silinda moja, nguvu za farasi 17. Siku hizi inatoa moshi wa bluu, hasa nikiiwasha asubuhi, na kila nikimaliza kukata nakuta oili imepungua. Kwenye mwinuko inalegea. Fundi wa kwanza alitazama ekzosi tu, akasema ringi za pistoni zimekwisha, nitafute injini nyingine. Wa pili anataka tuifungue tufanye ovahoo, yaani tubadilishe vya ndani vilivyochakaa. Nimsikilize nani?
*– Mtunza uwanja*

Jibu: Marahaba. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, maana hakuna aliyepima kitu. Moshi wa bluu unasema oili inaungua. Hausemi imepitia wapi, na hapo ndipo hela zako zitakapookoka au kupotea.

Anza na kijiti cha kupimia oili. Kama oili imezidi alama ya juu, moshi utatoka hata kwenye injini nzima kabisa. Inuse pia. Ikinuka petroli na imekuwa nyepesi, sindano ya kabureta haizibi, na petroli inashuka kwenye tumbo la injini usiku kucha wakati wewe umelala. Usiiwashe hivyo, kwani oili iliyochanganyika na petroli hailindi chuma. Rekebisha kabureta, mwaga oili, weka mpya na filta yake, kisha utazame moshi upya.

Oili ikiwa safi na kiwango ni sawa, mtuhumiwa wangu wa kwanza kwenye injini ya aina hiyo ni gasketi ya silinda hedi, kile kizibo chembamba kati ya silinda na kifuniko chake cha juu (hedi). Nyingi za silinda moja zenye vali juu zina njia ya pushrodi (fimbo zinazosukuma vali) pembeni mwa silinda, na kati ya njia hiyo na moto wa silinda pana ukanda mwembamba tu wa gasketi. Ukanda ukiungua, mgandamizo unavuja kuelekea kwenye tumbo la injini, presha inapanda humo, na oili inasukumwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa ya kabureta. Kutoka hapo inaungua. Dalili zote ni za ringi, lakini dawa ni gasketi moja, kusafisha hedi na kuhakikisha haijapinda, na kukaza bolti kwa kipimo. Nimeona injini zikitupwa kwa kosa hili na bado linaniuma.

Atatokea mtu wa kukuletea geji ya kompresheni, aisome ndogo, atikise kichwa. Usitishike. Injini hizi zina kifaa kwenye kemshafti (shafti inayofungua vali) kinachoinua vali kidogo wakati stata inazungusha, ili stata isielemewe. Kwa hiyo geji husoma chini hata injini ikiwa nzima. Kipimo cha kuaminika ni cha kuvujisha hewa: pistoni iwe juu kabisa mwisho wa mgandamizo, vali zote mbili zimefunga, kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na usikilize. Ikivuma kwenye ekzosi, vali ya ekzosi haikai. Kwenye kabureta, ni vali ya kuingizia. Kwenye tundu la kijiti cha oili, ni ringi au gasketi ile ile, kwa hiyo vua hedi kwanza kabla ya kumlaumu pistoni. Toa waya wa betri, na mtu ashike krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kwa spana, kwa sababu hewa inaweza kuizungusha ghafla.

Lipo neno lako moja ambalo mafundi wako hawakulijali: inalegea kwenye mwinuko. Sikiliza mlio. Ukizama pamoja na mwendo, basi ni injini. Mlio ukibaki vile vile huku magurudumu yakipunguza kasi, hasa mashine ikishapata moto, ni mkanda au gia boksi ya haidroliki, na hata injini mpya kabisa itapanda mwinuko huo kwa uchovu ule ule. Inama pia utazame bati linalobeba visu. Likiwa limeliwa na kutu hadi shafti za visu zinacheza, sitoi hela ya injini kwa mashine hiyo.

Lini nakubali kubadilisha? Ukimwaga oili ukaona vipande vya chuma. Ikianza kunoki, yaani kugonga kwa ndani. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ikitoboa bloku, hapo hata sijadili. Konrodi za injini nyingi hizi ni za aluminiamu na zinakaa moja kwa moja kwenye krenki bila beringi ya kubadilisha, kwa hiyo zikikosa oili zinakwaruza krenki yenyewe. Krenki, konrodi, pistoni, seti ya gasketi na kazi ya kuchonga silinda, vyote pamoja vinakaribia injini nzima, na huna uhakika wa kilichobaki. Ovahoo ya fundi wako wa pili ningeikubali iwapo tu silinda haina mikwaruzo na krenki iko sawa kwa kipimo, si kwa macho.

Ukifika kununua, usiende na nguvu za farasi peke yake. Nakili namba zote za modeli na aina zilizopigwa kwenye injini. Pima kipenyo cha shafti inayotoka chini (milimita 25.4 ni cha kawaida) na urefu wake, maana puli za mikanda lazima zikae palepale. Angalia ekzosi inatoka upande gani, na mfumo wa kuchaji unatoa ampea ngapi, la sivyo klachi ya umeme ya visu itamaliza betri.

Swali: Fundi, stata yangu inazungusha nusu mzunguko kisha inakwama. Betri mpya, stata mpya, bado. Ndiyo injini imekufa?
*– Msomaji*

Jibu: Umebadilisha vitu viwili vilivyokuwa vizima. Ukishaona nyaya na viungo vya betri viko safi, vua kifuniko cha vali. Nafasi ya vali ikizidi, kile kifaa cha kemshafti nilichokitaja juu hakiwezi kuinua vali, na stata inapigana na mgandamizo wote. Rekebisha kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Ni kazi ya kabla ya chakula cha mchana.