Ardhi ya kijiji ikichukuliwa: saini ya nani, fidia lini?

Wahariri, salaam. Kijijini kwetu wilaya ya Chamwino, ekari 440 zinatakiwa kwa ajili ya mwekezaji. Halmashauri ya kijiji imeshasaini. Sisi wananchi bado tuna kauli?

Mnayo. Ekari 440 ni kama hekta 178. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 4, eneo lisilofika hekta 250 (ekari 617 hivi) hukubaliwa au kukataliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani ninyi wanakijiji watu wazima. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni, Waziri wa Ardhi akaamua. Saini ya halmashauri peke yake haihamishi ardhi. Mwombeni mtendaji awaonyeshe tangazo la Gazeti la Serikali: lazima liwe limetaja mipaka na sababu, na uhamisho usubiri siku zisizopungua 90.

Kifungu hicho kinazuia ardhi kuhamishwa kabla ya aina ya fidia, kiasi, namna ya kuilipa na muda wake kukubaliwa. Vijiji vingi huteleza hapo. Muhtasari wa mkutano unaandikwa "wananchi wameridhia mradi", kisha watu wanatawanyika. Mambo hayo manne yaandikwe kwenye muhtasari kwa tarakimu na tarehe, na orodha ya mahudhurio yenye saini iambatishwe. Zahanati na kisima vinavyoahidiwa jukwaani navyo viandikwe: nani anajenga, wapi, kufikia lini. Wala visihesabiwe kuwa fidia ya shamba la mtu.

Mimi ni wa Bahi. Mthamini alipita miezi 14 iliyopita, sijalipwa. Fomu yangu inataja nyumba na mizabibu tu. Ni sawa?

Kwanza ulizia tarehe ambayo Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha taarifa ya uthamini. Miezi sita ya kulipa huhesabiwa kuanzia hapo, si siku mthamini alipokanyaga shamba lako, na watu wengi hubishana bure kwa kutolijua hilo. Miezi sita ikipita, riba inaanza, kwa wastani wa kiwango ambacho benki za biashara hulipa kwenye amana za muda maalumu. Tuseme fidia ni shilingi 8,000,000 na kiwango ni asilimia 6 (mfano tu): kila mwezi wa kuchelewa unakuongezea shilingi 40,000. Miaka miwili ikipita tangu idhini bila malipo, uthamini umekwisha muda wake na lazima ufanywe upya.

Kuhusu fomu, kuna pengo. Zaidi ya ardhi yenyewe na vilivyomo, aliyekuwa akiishi pale anastahili posho ya usumbufu, posho ya makazi na posho ya usafiri. Ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara 36. Nyumba ya shilingi 30,000 kwa mwezi ni shilingi 1,080,000. Ya usafiri ni gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mwenye duka huongezewa faida halisi ya mwezi mara 36, kwa hiyo daftari la mauzo lisitupwe. Kiwanja kitupu hakipati makazi, usafiri wala faida.

Mizabibu ihesabiwe ukiwapo, na nguzo na nyaya zake ziandikwe pia. Hakikisha jina la fomu ni lile la kitambulisho cha NIDA na la akaunti ya benki. Anayeandikwa "Baba Neema" hukwama siku ya malipo.

Nasoma hapa Dodoma. Wenzetu wa Kanada wanafanyaje serikali inapokubaliana na wenyeji wa asili?

Chukua Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada lenye wenyeji wa asili waitwao Wainuit. Mkataba wao na serikali wa 1993 una ibara ya 24 inayoitaka serikali izisaidie kampuni za Wainuit (zile wanazomiliki angalau asilimia 51) kupata zabuni za serikali, na ibara ya 23 kuhusu ajira. Ahadi zilikuwa nzuri, utaratibu ukakawia: maelekezo ya serikali kuu ya kutekeleza ibara ya 24 yalianza kutumika Desemba 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Nunavut Tunngavik, shirika linalowawakilisha Wainuit, liliishtaki serikali kwa kutotekeleza mkataba, na mwaka 2015 wakamalizana kwa dola za Kanada milioni 255.5.