Saa za kwenye tiketi si saa za kukaa hewani

Dada mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, anayefuata mzigo wa nguo Guangzhou, China, ametuma ujumbe. Tiketi yake ya kwenda inaondoka Dar 11:00, inafika 02:30 kesho yake. Ya kurudi inatoka 10:00, inafika 16:00 siku hiyohiyo. Anauliza: "Kwenda saa kumi na tano na nusu, kurudi saa sita? Wakala kanipiga?"

Hujapigwa, dada yangu. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5. Basi usifanye hesabu ya kutoa kabla hujazileta zote kwenye saa za Dar. 02:30 ya kule ni 21:30 ya huku. Kutoka 11:00 ni saa 10 na nusu. Kurudi, 10:00 ya kule ni 05:00 ya huku. Hadi 16:00 ni saa 11. Nusu saa iliyozidi ni ya upepo: huko juu, ukishaiacha Ikweta mbali kuelekea kaskazini, mara nyingi huvuma kutoka magharibi, unakusukuma ukienda na kukukabili ukirudi.

Hakiki kwa umbali. Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700 kwa mstari wa angani. Ndege kubwa hukata takriban 900 kwa saa, hivyo ni saa 9 na dakika 40. Ongeza dakika 50 za kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na kona za njia za anga. Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Dar ni kama kilomita 690: ndege ya jeti saa 1 na robo hivi, pangaboi saa 1 na nusu au zaidi kidogo.

Kosa baya kuliko yote ni la saa zetu za Kiswahili. 11:00 ni saa tano asubuhi, si saa kumi na moja! Na ukiona 00:40 tarehe 15, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15: uwe uwanjani tarehe 14 jioni. Anayefika tarehe 15 jioni ameshaachwa karibu siku nzima.

Sasa safari yako. Usipande ndege ya kutoka Songwe asubuhi ya siku ileile unayoruka Dar saa tano. Ukungu ukishuka, ndege inasubiri au inageuza, na kama tiketi ni mbili tofauti, shirika la pili halikujui wala halikungoji. Begi nalo utalichukua mwenyewe Dar, ulipeleke jengo la tatu (Terminal 3) la safari za nje, ulisajili upya, na kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla ya kuruka. Ondoka Mbeya siku moja kabla, hata kwa basi. Ukitaka siku hiyohiyo, mwambie wakala akuandikie safari yote kwenye tiketi moja, kuanzia Songwe.